Shemeji Anataka Kufungua Mkahawa wa Paka

Jumatano, Nakuru

Kwenye mageti ya ploti mpya za Nakuru matangazo yanafanana: hakuna mbwa, hakuna paka, hakuna kuanika nguo kwenye reli. Shemeji ameyapiga picha kwa simu, geti baada ya geti, kuanzia Section 58 hadi Naka, na anayaonyesha kama wengine wanavyoonyesha picha za harusi. Kwake hayo ndiyo soko. Vijana wamejaa kwenye bedsita, vile vyumba vya kupanga vya mtu mmoja, wengi wamekulia nyumba zenye mbwa uani na paka jikoni, na sasa hawaruhusiwi hata kifaranga. Watu hao, asema, watalipa kwa saa kukaa na paka huku wanakunywa chai.

Dada yangu amesikia mpango huu tangu Krismasi na amechoka kuusikia. Ndiye aliyenituma nifuatane na mumewe hadi upande wa magharibi, tuone watu wanavyokula na kunywa karibu na wanyama, kabla akiba ya watoto haijageuka chakula cha paka. Nimekubali, kwa sababu nauli ni ya shemeji.

Wazo lenyewe si lake wala si la jana. Mkahawa wa paka unaotajwa kuwa wa kwanza ulifunguliwa Taipei, Taiwani, mwaka 1998. Watalii wa Kijapani wakaupenda, na mwaka 2004 Osaka ikapata wake. Huko Japani ndiko ulikonoga, na kisa ni kile kile cha mageti ya Nakuru: vyumba vya kupanga ni vidogo, mikataba mingi inakataza wanyama, na watu wanarudi kutoka kazini usiku kwenye chumba kisicho na kiumbe kingine. Vienna ikafuata 2012, Paris 2013, London 2014. Mwaka huo wa 2014 Oakland, Marekani, walifungua wao wakauunganisha na kazi ya kuwatafutia paka wa mitaani watu wa kuwachukua. Huo wa mwisho ndio shemeji anaoupenda. Amesoma habari zake hadi anazungumza kana kwamba alikuwepo siku ya kufungua.

Alasiri tukaenda kwenye bustani moja ya nyama choma nje ya mji, ambako wamiliki wametenga kona ya watoto yenye sungura, mabata bukini, na farasi mdogo wa kupanda kwa zamu. Bustani za aina hii zimeongezeka sana miaka hii. Mzazi anataka mahali pa kula mbuzi kwa utulivu, mtoto anataka kushika kitu chenye manyoya, na mwenye hoteli ameona hapo kuna pesa.

Nilisimama kwenye kizimba cha sungura muda mrefu kuliko nilivyopanga. Mmoja mweupe, mwenye doa la kijivu juu ya jicho, alikuwa amejibana kati ya ukuta na tairi kuukuu. Mbavu zilikuwa zikipanda na kushuka haraka mno. Mtoto wa kike aliyevaa gauni la manjano akamvuta mguu wa nyuma, akamkumbatia kifuani, na sungura akatulia kimya kabisa, macho wazi, masikio yamelala mgongoni. Mama yake akapiga picha. "Ona amempenda!" akasema.

Sungura akiogopa mara nyingi hapigi kelele, anaganda. Ndivyo alivyoumbwa, kwa kuwa kwake yeye anayemnyanyua kutoka ardhini ni mwewe. Mzee anayewatunza alikuwa ameegemea jembe la uma, akatuambia bila kuulizwa kwamba Jumapili sungura hawagusi nyasi hata ukiwaletea mbichi, na Jumatatu wanalala mchana kutwa. Nikamuuliza kama hawana pa kujificha. Akasema palikuwa na sanduku la mbao, lakini wateja walilalamika kwamba wanalipa na sungura hawaonekani, basi likaondolewa.

Shemeji alikuwa akihesabu watu mezani. Nilimvuta shati nikamwambia aongee na mzee kwanza.

Alhamisi, njiani

Matatu ya Kisumu ilijaa mapema. Salgaa, Mau Summit, Londiani, kisha mteremko wa majani ya chai hadi Kericho, ambako dereva alitupa nafasi ya chai na mandazi. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida ya Kericho mchana.

Njia nzima shemeji alikuwa na wazo jipya: kwa nini paka peke yake? Tokyo, asema, kuna mikahawa ya bundi na mikahawa ya kalunguyeye. Akanionyesha video. Bundi wamepangwa kwenye gogo, kila mmoja na kamba mguuni, taa zinawaka, na wateja wanawagusa kichwa kwa kidole kimoja.

Nilimuuliza ni nani wa kwao atakayelipa pesa zake akae chumba kimoja na bundi. Mama aliyeketi mbele yetu, ambaye nilidhani amelala, akacheka hadi bega likatikisika. "Wewe kijana, bundi akitua juu ya paa letu watu hawalali, na wewe unataka kumwekea kiti!" Hilo likaisha hapo, ingawa kusema kweli bundi hana kosa lolote. Ni ndege wa usiku, anawala panya wa shambani, na kumweka mchana kutwa chini ya taa akiwa amefungwa mguu ni kumnyima usingizi kila siku.

Kalunguyeye alichukua muda zaidi. Wale wadogo wanaoshikwa kwa glavu huko Tokyo asili yao ni Afrika. Ni jamaa wa hawa hawa wanaotembea kwenye bustani zetu usiku mvua ikinyesha, wakisaka wadudu, na ambao mbwa wa nyumbani wanawabwekea bila kujua wafanye nini. Shemeji akaona hapo bahati: malighafi ya bure! Nikamkumbusha kwamba kalunguyeye ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 haichezi na mtu anayefuga mnyamapori bila kibali. Kobe ni hivyo hivyo, hata kama kwa babu yako kulikuwa na mmoja uani tangu Uhuru.

Akanyamaza hadi Awasi. Kisha akasema, "Kware je?" Wote wawili tukacheka, maana hakuna mtu wa magharibi aliyesahau kware. Mwaka 2013 kuelekea 2014 kila mwenye uwanja alijenga kizimba, mayai yakasifiwa kwamba yanatibu kila ugonjwa, watu wakauza ng'ombe wanunue kware, na kabla mwaka haujageuka bei ikaporomoka na ndege wakawa mboga. Nilimwambia hiyo ndiyo hofu ya dada, kwamba paka wake ni kware wengine. Wateja watakuja mara ya kwanza kwa ajili ya picha, wataweka TikTok, na mara ya pili hawatarudi. Hakunijibu. Tulikuwa tumefika Ahero, joto limeanza, na madirisha yote yakafunguliwa.

Ijumaa, Kisumu

Asubuhi Dunga, ufuko wa wavuvi kando ya Ziwa Victoria. Mashua zilikuwa zimeingia, mbuta wamelazwa kwenye turubai, omena wametandazwa kwenye nyavu. Ukikaa kwenye kibanda cha samaki hapa hukai peke yako. Juu ya paa la mabati kuna korongo mfukoshingo, yule ndege mrefu mwenye upara, anayesimama kama karani anayesubiri kustaafu. Mwewe wanazunguka. Yangeyange wanatembea kati ya mashua. Kwenye mafunjo kuna mdiria, na mwenye mashua yoyote atakuambia viboko wako wapi leo, kwa bei ya maelewano.

Na chini ya meza kuna paka. Tuliagiza ngege wa kukaanga na ugali, na kabla sahani haijafika walikuwa wameshajipanga. Mmoja alikuwa wa rangi ya machungwa, sikio la kushoto limechanika, mkia umevunjika ncha. Hakulia wala hakugusa mguu wa mtu. Alikaa hatua mbili kutoka kwenye kiti cha shemeji, akakunja mikono chini ya kifua, akafumba macho nusu. Kila nilipotoa mwiba mdomoni lile sikio zima liligeuka upande wangu, jicho halikufunguka. Shemeji akanyoosha mkono kumpapasa. Paka akainuka, akasogea hatua mbili zaidi, akaketi vile vile.

Mama mwenye kibanda alikuwa anatazama. "Huyo hashikwi," akasema. "Ana miaka mingi hapa. Anakula kichwa cha samaki, anakamata panya, mimi simdai, yeye hanidai."

Shemeji akamuuliza, kwa heshima zote, "Mama, watu wangelipa kiingilio kukaa na paka kama huyu?"

"Kulipa mimi ama kulipa paka?"

"Wewe, mama."

Akafikiria huku akigeuza samaki kwenye karai. "Sasa ukilipa utataka umshike. Na huyu hashikwi. Nitakurudishia pesa?"

Nadhani swali hilo ndilo lililonifanya nione safari hii yote inahusu nini. Huku kwetu kula karibu na wanyama si jambo geni. Lamu paka wanawasubiri wavuvi tangu enzi, na hapa Dunga ni hivyo hivyo. Kigeni ni tiketi. Ukishauza tiketi, mnyama anakuwa na deni kwa mtu asiyemjua, na deni hilo analipa kwa mwili wake. Wa Dunga hana deni, ndiyo maana anaweza kusogea hatua mbili. Mkahawa wowote wa shemeji utasimama au utaanguka kwa jambo hilo: kama paka akitaka kuondoka, ana pa kuondokea, na mwenye mkahawa ana ubavu wa kumwambia mteja aliyelipa kwamba leo haiwezekani.

Nilimweleza hivyo tukiwa kwenye bodaboda, upepo ukameza nusu ya maneno.

Mchana tukapita Hifadhi ya Swala Pala ya Kisumu, iliyotangazwa rasmi mwaka 1992, kipande kidogo cha ardhi kando ya ziwa na karibu na mji. Swala wanalisha bila kizuizi, wakiinua vichwa tu mtu akikaribia mno. Simba na chui wako kwenye vizimba. Familia zinakuja na vikapu vya chakula, zinatandika leso chini ya miti, na tumbili wanakusanya ushuru. Nilimwona mmoja akishuka, akachukua pakiti ya krisps mkononi mwa mvulana bila haraka, akapanda nayo, akaipasua kwa meno na kula moja moja akitutazama. Mvulana akalia, baba akacheka. Kuna mabango ya kukataza watu kuwalisha, lakini kila aliyeyasoma alikuwa ameshafungua njugu. Tumbili aliyezoea kupewa ndiye anayekuja kung'ata, na akishang'ata analaumiwa yeye.

Jumamosi, Khayega na msitu wa Kakamega

Hii haikuwa kwenye ratiba. Mwenyeji wetu Kisumu ni Mwisukha, Mluhya wa Kakamega, na alipojua tunazunguka kutazama wanyama na watu, akasema ni aibu kuondoka bila kuona mafahali. Tukapanda matatu alfajiri, Kiboswa, Majengo, Chavakali, tukashuka Khayega giza likianza kutoka.

Mapigano ya mafahali ya Waisukha na Waidakho mara nyingi hufanyika Jumamosi asubuhi mapema. Unasikia kabla hujaona: ngoma za isukuti, filimbi, pembe, umati unaokimbia barabarani mbele ya fahali mmoja mweusi aliyepakwa matope kichwani. Isukuti iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa haraka, lakini pale hakuna aliyeonekana kuwa na habari hizo, walikuwa wanacheza tu. Fahali ana jina, ana nyimbo zake, ana wafuasi. Mwenye kumfuga hamlimishi. Anamlisha kama mgeni.

Walipokutana uwanjani mlio wa pembe ulikuwa mkavu, kisha kimya, vichwa vimesukumana, miguu inachimba. Vumbi hadi kwenye meno. Mimi si mpenzi wa mambo haya na sikutoka pale nimekuwa mpenzi. Kuna wanaoyapinga na nawaelewa. Lakini nilitazama mwisho wake kwa makini: fahali aliyezidiwa aligeuka, akakimbia, umati ukampisha, mechi ikaisha. Hakuna aliyemrudisha kwa fimbo. Kukimbia ndiyo kanuni ya mchezo. Mzee aliyesimama kando yangu, kofia ya soksi imeshuka hadi nyusi, aliniambia fahali akishakimbia hata ukimleta tena kesho hataki, "na huwezi kumshurutisha, atakuaibisha."

Shemeji alikuwa ameshapanda juu ya ukingo na anapiga kelele na wenyeji. Ilichukua muda kumshusha.

Kutoka hapo bodaboda hadi Shinyalu na kuingia msituni. Msitu wa Kakamega ndio mabaki ya mwisho nchini ya msitu wa mvua wa aina ya Kongo, na ukiingia unahisi hewa inabadilika shingoni. Tulikunywa chai Rondo, nyumba ya wageni iliyo katikati ya miti, chini ya veranda, nyasi zimekatwa vizuri, maua yamepangwa. Nilidhani tutakaa kimya. Hondohondo wakapita juu, mabawa yanavuma hadi shemeji akainama. Baadaye mbega, weusi na weupe, wakaja kwenye mti ulio mbele yetu, wakakaa mikia imening'inia, wakatafuna majani, wakaondoka walipotaka. Kima walibaki mbali zaidi, wakatuma mmoja akague meza, akaona hakuna cha maana.

Hakuna aliyetuahidi mbega. Bei ya chai ni ile ile wakija wasije. Shemeji alishika kikombe muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu Nakuru hakupiga hesabu. Kisha akasema, "Lakini hapa mtu anahitaji gari, ama bodaboda ya pesa nyingi. Yule msichana wa bedsita hawezi kufika hapa baada ya kazi." Alikuwa sahihi, na nilimwambia hivyo.

Jumapili, Kisumu tena

Baada ya kanisa tulimtembelea daktari wa mifugo aliyesoma na shemeji. Alitupokea sebuleni kwake Kondele akiwa na mkanda wa gauni la mtoto mkononi na simu begani, na kwa muda wote tuliokuwa pale watu walipiga kuhusu ng'ombe. Nilitarajia atamcheka. Hakumcheka. Alichukua karatasi akaanza kuandika, na mimi nikaanza kuona mkahawa kwa mara ya kwanza.

Jambo la kwanza lilikuwa kichaa cha mbwa. Jina linawadanganya watu, alisema, paka anakishika na kukiambukiza vizuri sana. Kenya ina mkakati wa kukitokomeza, wa 2014 hadi 2030, na chanjo ipo. Paka achanjwe akiwa na miezi mitatu, kisha kila mwaka, na kadi zake zibandikwe ukutani mahali mteja anapoziona. Akitokea mteja ameng'atwa au amekwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo, na paka atengwe atazamwe siku kumi. "Dakika kumi na tano ni nyingi," alisema, "weka saa juu ya sinki, vinginevyo watasuuza tu."

La pili, kinyesi. Kuna kimelea kinachotoka na kinyesi cha paka, toksoplazma, ambacho ni hatari kwa mama mjamzito. Lakini kinapotoka hakiambukizi papo hapo, kinahitaji siku moja au zaidi kukomaa. Kwa hiyo ukisafisha masanduku kila siku bila kukosa umeondoa sehemu kubwa ya hatari. Sanduku moja kwa kila paka na moja la ziada. Mchanga wa kununua ni ghali, akasema atumie maranda kutoka kwa maseremala, yamechekechwa vumbi. Shemeji alipiga mstari mara mbili chini ya neno maranda. Nadhani ndiyo habari iliyomfurahisha kuliko zote za safari.

La tatu, choa. La nne, viroboto. Nayaruka, mtu anayekula asije akaniacha hapa.

Kisha akauliza, "Umesema paka wangapi?"

"Kumi na wawili."

"Kwenye chumba kimoja?"

Alikata namba hiyo akaandika sita, wote wamefungwa kizazi, wote wazoeane kwanza, na kila mpya akae peke yake wiki mbili kabla ya kuingia. Akaeleza kwamba paka hulala zaidi ya nusu ya siku, na mkahawa unaofunguliwa saa mbili asubuhi hadi saa nne usiku utawaua taratibu bila mtu kuona damu. Japani serikali imeweka mpaka wa saa za kuwaonyesha paka. Korea Kusini imekwenda mbali zaidi: sheria iliyoanza kutumika Desemba 2023 inakataza kuonyesha wanyamapori kwenye mikahawa, na walioandikishwa mapema wamepewa hadi Desemba 2027 kumalizana na biashara hiyo. Uingereza, mashirika mawili makubwa ya kutetea wanyama, RSPCA na Cats Protection, yametaka hata mikahawa ya paka wa kawaida iondolewe polepole, kwa hoja kwamba ni vigumu paka kuishi vizuri na wageni wapya kila siku.

Shemeji alishuka mabega. Daktari akamtazama. "Sijasema usifungue. Hapa Kisumu wananiletea paka kwenye magunia. Watu wanahama ploti, mwenye nyumba hataki, paka anatupwa sokoni. Kama utachukua sita kati ya hao, uwatibu, na kila mwezi paka mmoja apate kwao, mimi nitakuchanjia bure hao sita. Lakini uniwekee chumba cha nyuma kisicho na mteja."

"Chenye mlango?"

"Chenye tundu. Paka apite, binadamu asipite."

Jumatatu, Kisumu

Tulitakiwa kurudi Nakuru na hatukurudi. Shemeji aliamka na hoja kwamba daktari yuko hapa, vichwa vya samaki viko hapa kwa bei ya kutupa, na Nakuru angelisha paka kwa pesa ya dukani. Nikampigia dada, nikampa simu mumewe, nikatoka nje.

Saa nne tulikuwa tunatazama chumba Milimani ya Kisumu, kwenye nyumba ya zamani ya mawe yenye dari la juu, kitu muhimu kwa joto la hapa, na kibaraza cha nyuma kinachoweza kuwekewa wavu. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, mwalimu mstaafu, na alimsikiliza shemeji hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza maswali ya mtu aliyewahi kusahihisha mitihani. Harufu? Maranda, mama, kila siku. Jiko? Limetengwa kwa ukuta na milango miwili, maana afya ya kaunti haitatoa leseni ya chakula vinginevyo. Watoto? Wasiopungua miaka kumi, na hakuna kumnyanyua paka, akija mwenyewe mapajani sawa. Na mteja akilipa na paka wote wamelala?

Shemeji alinitazama, kisha akamjibu yeye: "Atakunywa chai yake, mama. Kiingilio hakirudishwi, na hatuwaamshi."

"Hapo utagombana na watu."

"Nitagombana nao."

Akachukua kalamu. Amana akataka ya miezi mitatu badala ya miwili, kwa ajili ya kucha kwenye milango yake ya mbao za mvule. Walivutana hapo kwa muda, wakafika miwili na nusu, na alama zozote za kucha zitakazoonekana zipigwe msasa na vanishi kwa gharama ya mpangaji. Mwishoni akaongeza kwa mkono, kwenye nafasi iliyobaki chini ya mkataba, kwamba paka wasizidi sita, na wakizaana mkataba umevunjika.